Matapishi ya Paka wa Depo

Paka akitapika sakafuni kwako, hiyo ni habari yako na ufagio wako. Akitapika juu ya maharage ya kikundi kizima, ni habari ya mkutano. Mimi nimeyapitia yote mawili, na mpaka leo nikiukumbuka ule mkutano damu inanichemka, ingawa najua mtu wa umri wangu anapaswa kuwa ameshajifunza kutuliza damu yake.

Nianze na depo yenyewe. Katika kijiji chetu, hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wakulima wa maharage tumejiunga kuwa kikundi. Wengi ni Warundi kama mimi, wako Wakongo wachache, na yuko mwanajeshi mstaafu mmoja, Mnyankore, mwenyeji wa huku anayekaa Kabingo, ambaye shamba lake linapakana na yetu. Tukivuna hatuuzi papo hapo, kwa sababu wakati wa mavuno kila mtu anauza na wanunuzi wanalijua hilo. Tunayaweka maharage katika nyumba moja ya matofali yenye mlango wa chuma, ndiyo tunayoiita depo, na tunasubiri msimu wa kupanda, watu watakapotafuta mbegu. Kila mwanachama ana mahali pake juu ya mbao, na midomo ya magunia yake imeshonwa kwa uzi wa rangi yake. Uzi wa nyumba yangu ni wa kijani. Mwanajeshi ana mweusi. Mwenyekiti wetu, mama wa Kikongo kutoka Fizi, ana mwekundu, na aliuchagua kabla ya mtu mwingine yeyote kuchagua. Mshonaji wa magunia yote ni mimi. Mchana mlango unaachwa wazi ili hewa ipite, na kila mwenye gunia ana haki ya kuingia kulitazama.

Adui wetu ni panya. Panya hamalizi gunia. Anatoboa kona moja, anakula kidogo, anakojoa mengi, kisha anahamia gunia la jirani. Kwa sababu hiyo depo inahitaji paka, na paka aliyekuwepo alitoka nyumbani kwangu. Aliachwa kwetu akiwa bado mdogo na jirani aliyekuwa anarudi Burundi, aliyesema kwamba watoto, masufuria na godoro vinatosha kwenye lori, paka hatoshi. Ni jike, ana mabaka ya kahawia na meupe, na hatukumpa jina. Mchana alikuwa depo, jioni alirudi kwetu.

Sasa, kuhusu paka wa kulinda chakula watu wa hapa wana kanuni ambayo hakuna aliyeiandika na hakuna asiyeijua: paka halishwi. Paka aliyeshiba, wanasema, anamtazama panya kama mtu anavyomtazama mpangaji. Mimi sikubaliani na kanuni hiyo. Sikusoma shule ndefu, lakini nimejisomea kila kitabu kilichopita mikononi mwangu tangu nifike hapa, na popote niliposoma juu ya wanyama wanaowinda nilikuta jambo moja: mnyama dhaifu hawindi, anaombaomba. Kwa hiyo kila asubuhi nilimpa paka ugali kidogo uliolowekwa kwenye supu ya mifupa. Sikuficha. Nilisemwa sana kwa ajili hiyo. Mwenyekiti aliniambia kwamba ninamharibu mfanyakazi wa kikundi, na wengine walicheka, wakauliza kama usiku ninamfunika blanketi.

Kisha paka akaanza kutapika.

Hakutapika kila siku, na hilo ndilo lililonisumbua zaidi, maana kinachotokea kila siku kina mpangilio na mtu anaweza kukifuatilia. Siku moja alikuwa mzima kabisa, anaruka kutoka gunia hadi gunia. Kesho yake nilimkuta amejikunja, mbavu zinapanda na kushuka, akitoa ile sauti ya pampu iliyokauka, kisha uji wa kijivu unamwagika. Halafu analamba midomo na kuondoka kana kwamba aliyetapika ni mwingine. Zinapita siku kadhaa, tena.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa. Kikundi cha jirani walikuwa na paka wao, dume kubwa. Mtu fulani aliweka dawa ya panya nyumbani kwake bila kumwambia mtu, panya akaila, paka akamla panya. Naye alianza kwa kutapika. Walimzika nyuma ya choo. Kwa hiyo kila nilipomwona paka wangu amejikunja nilifikiria dawa, na nilizunguka nyumba hadi nyumba nikiuliza nani ameweka dawa. Wote walikana, na naamini walisema kweli.

Nilitafuta msaada katika kitabu cha magonjwa ya mifugo ninachokitunza tangu zamani. Kina sura ya ng'ombe, sura ya mbuzi, nguruwe, kuku, sungura, hata nyuki. Paka ametajwa mara moja tu, kwenye sura ya kuku, kama adui wa vifaranga. Nilikifunga kitabu hicho kwa hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo juu ya maandishi. Mtu ameketi akaandika kurasa zote zile, amefika mpaka kwa nyuki, na mnyama anayelinda ghala la msomaji wake hakumwona.

Mke wangu aliniambia nisijisumbue. Paka hutapika, alisema, ndivyo walivyoumbwa. Alisema hivyo akiwa ameinama juu ya jiko, hakugeuka, na wakati ule sikuona kitu cha ajabu katika kutogeuka kwake.

Mambo yaliharibika siku paka alipotapika juu ya gunia lenye uzi mwekundu. Mwenyekiti aliita mkutano mbele ya depo. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, nikajua hukumu imekuja pamoja naye kutoka nyumbani.

“Papa,” aliniambia mbele ya wote, “miye sina mubaya na paka yako. Lakini hii depo ni fasi ya chakula ya batu. Batu bakisikia paka iko natapika juu ya maharage, bataikula?”

Nilieleza kwamba gunia halikupenywa, kwamba nimelifuta kwa maji ya moto na kulianika, kwamba panya anafanya uchafu mbaya zaidi na hakuna anayemwitia mkutano. Nilieleza vizuri na kwa utaratibu, na niliona jinsi wanavyonisikiliza: kama watu wanaosubiri mvua ipite. Kisha mwenyekiti akasema paka atoke, na badala yake tuweke dawa, ile ya chembe nyekundu inayouzwa barabarani Kabingo.

“Dawa haitapikake,” alisema.

Watu walicheka. Nataka msomaji apime jambo hili kama nilivyolipima mimi. Watu walioogopa matapishi ya paka karibu na chakula walikuwa wanapendekeza kumwaga sumu karibu na chakula hicho hicho. Na paka hawezi kuelezwa kwamba depo si mahali pake tena. Angerudi, angemla panya mwenye sumu, nasi tungechimba nyuma ya choo. Nilisema hayo yote. Nikaambiwa kwamba mimi ni mtu wa vitabu.

Walipiga kura kwa mikono. Ilipitishwa kwamba paka anapewa nafasi moja ya mwisho: akitapika tena ndani ya depo, dawa inawekwa. Mwanajeshi mstaafu, ambaye kila akimwona paka humpigia saluti na kumwita afande, aliinua mkono wake moja kwa moja kama yuko kwenye gwaride. Mke wangu hakuinua. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Asubuhi iliyofuata niliamua kumpeleka paka kwa daktari mjini Mbarara. Nilihitaji kikapu chenye mfuniko, na kikapu pekee chenye mfuniko nyumbani kwetu ni kile kirefu cha harusi, ambacho kwa desturi yetu hubebewa unga. Mke wangu aliniambia kwamba mama yake hakukisuka ili kimbebe paka. Nilimjibu kwamba mama yake hakuwahi kuwaona wanachama wa kikundi chetu. Hakunisemesha mpaka nilipoondoka, lakini alitandika kitambaa ndani.

Kuna nyumba ya tiba ya mifugo katika mtaa wa Nyamityobora, na daktari wa hapo aliwahi kusifiwa mbele yangu na watu wa ng'ombe. Watu wa ng'ombe ndio niliowakuta kwenye benchi. Walikuwa na fimbo zao, buti za mpira, na mazungumzo ya kupe. Niliketi mwishoni na kikapu magotini. Wakadhani nimeleta kuku. Paka alipolia, benchi nzima iligeuka. Mzee mmoja mwenye kofia alinyanyua mfuniko kidogo, akachungulia, akanitazama kwa upole mkubwa.

“Hii inatoa lita ngapi kwa siku?” aliniuliza.

Walicheka mpaka mmoja akaangusha fimbo. Ningeweza kumwambia kwamba maziwa yake hayahifadhiki mpaka jioni na maharage yangu yanahifadhika mpaka msimu ujao kwa sababu ya huyu aliyemo kikapuni. Maneno hayo yalinijia baadaye, njiani, yalipokuwa hayana kazi.

Daktari aliwapitisha wote wenye ng'ombe kabla yangu, hata waliofika baada yangu. Nilipolalamika alisema ng'ombe wa mtu akifa, nyumba inakufa. Nilimwambia kwamba nyumba zetu ni ndogo na zinakufa kwa panya. Hapo ndipo alipomtoa paka kikapuni, na nikubali kwamba baada ya hapo alifanya kazi yake. Alimfungua mdomo akatazama fizi. Alimbonyeza tumbo pole pole. Aliniuliza kama ana damu katika matapishi, kama anakataa kula, kama anakonda, kama anakunywa maji kupita kawaida, kama anatapika mfululizo. Yote nilijibu hapana. Kisha akamtundika ndani ya kitambaa kwenye mizani ya ndoano, akasoma, akasoma tena.

“Hii inakula nini, sebo?”

Nilimwambia: ugali kidogo, supu ya mifupa, na panya anaowakamata.

“Na nani mwingine anamupa?”

Nilimwambia hakuna. Nilimweleza kanuni yetu, kwamba paka halishwi, na kwamba mimi peke yangu ndiye ninayeivunja, na kwamba nimesemwa kwa ajili hiyo na kijiji kizima.

Daktari alimshika paka kiunoni kwa mikono miwili. “Sebo, mimi siyo mtoto. Hii paka iko mnene. Ugali na supu haiwezi kufanya tumbo hii. Hii inakula kwa watu mingi, na inakula haraka haraka. Tumbo inajaa, inarudisha.”

Alimpa dawa ya minyoo kwa ajili ya usalama, akaniambia nirudi mara moja nikiona damu au akigoma kula, akanirudishia paka wangu. Mzee mwenye kofia alikuwa bado yuko mlangoni akisubiri pikipiki. Aliuliza ugonjwa ni nini. Daktari alimwambia kwa Kinyankore, na sikuhitaji kukijua Kinyankore ili nielewe wanachekea nini.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimekasirika, na nilimkasirikia kila mtu kwa zamu. Mgao wa chakula hapa kwetu umepunguzwa, ukapunguzwa tena. Mke wangu anapima unga kwa kikombe alichokikata mdomo ili kiwe kidogo. Katika hali hiyo mimi nimesafiri mpaka Mbarara, nimechekwa na watu wa ng'ombe, ili niambiwe kwamba katika nyumba yangu yuko mmoja anayekula kupita kiasi. Nilimwona daktari mzembe aliyetoa jibu la kwanza lililomjia. Tulipofika barabara ya vumbi nilimtazama paka kwa nafasi ya mfuniko. Nilimtazama kama mtu ambaye paka si wake. Tumbo lilikuwa limejaza kikapu.

Nilijiambia kwamba jibu halipimwi kwa adabu ya aliyelitoa. Linapimwa kwa kuangalia.

Haikuchukua muda. Paka alitapika tena, na namshukuru Mungu alitapika nje, kwenye nyasi nyuma ya depo. Nilikata jani la mgomba, nikayachota matapishi yale, nikaketi nayo mbali na watu na kijiti mkononi. Najua picha hiyo si nzuri. Lakini nilikuwa nimeuliza kijiji kizima, nimesoma kitabu, nimesafiri, na muda wote huo ushahidi ulikuwa unafagiwa na mimi mwenyewe kila ulipotolewa. Nilitenganisha. Kulikuwa na vichwa vya ndagala, wale dagaa wa ziwani, vizima, macho bado yamo, havikutafunwa hata kidogo. Kulikuwa na mabonge meupe ya maziwa yaliyoganda. Kulikuwa na vipande vya ngozi ya kuku. Chembe ya ugali sikuiona. Ndagala hawajaingia nyumbani kwangu tangu Pasaka. Maziwa hatununui. Na kuku, ikiwa alichinjwa kwetu, basi alichinjwa nikiwa sipo.

Siku iliyofuata nilifanya kazi yangu ya kawaida. Kulikuwa na magunia ya kushona upya, na niliamua kuyashonea nyuma kabisa, kwenye pengo lililo kati ya rundo la magunia na ukuta, ambako kuna dirisha dogo la mwanga. Sikujificha, niliketi mahali ambapo aliyeingia bila kusalimia asingeniona. Paka alikuwa amelala juu ya magunia ya mtu mwingine kabisa, wa uzi wa bluu.

Wa kwanza alikuwa mwanajeshi. Nilimjua kwa buti.

“Afande,” alisema kwa sauti ya chini. “Kuja hapa, ripoti. Maziwa hii, maliza yote. Halafu unalinda hapa kwa uzi nyeusi. Ukitoroka lindo tena kama juzi, nitakushitaki.”

Nilisikia ulimi wa paka kwenye sahani. Nilisikia pia sauti ya kofi dogo juu ya gunia, la kumwonyesha mahali pa kulala. Kisha buti zikatoka.

Wa pili alikuja wakati jua liko juu. Huyu hata hakumwita paka, alimwimbia. Nilikaa na sindano mkononi, uzi nusu umepita, nikasikiliza kiongozi wa kikundi chetu akimbembeleza mnyama aliyemhukumu.

“Kuya, mutoto wa mama. Kula mbio mbio, batu basione. Jana ba panya banakata gunia yangu ya pembeni, na weye unalala kwa askari. Askari anakupa nini? Maziwa? Maziwa ni maji. Kula, njo ulale kwa mama.”

Nilitaka kusimama. Kwa mkono uleule aliouinua kuomba sumu alikuwa anamwaga ndagala, na anamharakisha ale mbio, na kwa sababu ya mbio hizo paka alikuwa anazirudisha nzima. Nilielewa yote kwa mara moja. Panya wanatoboa pale ambapo paka halali. Kwa hiyo kila mtu anamnunua paka alale kwake, na kanuni ya paka kutolishwa ni maneno ya kuwazuia wengine wasipandishe dau. Na aliyeshindwa mnada, aliyelipa na bado paka akalala kwa jirani, anaona afadhali paka afe kuliko alinde maharage ya mwingine. Sikusimama, kwa sababu nilitaka niyaseme haya mbele ya watu wote walioinua mikono.

Basi nilikuwa naandaa maneno yangu pale nyuma ya magunia, yamepangika vizuri, ya kwanza hadi ya mwisho, wa tatu alipoingia. Huyu aliongea Kirundi. Sikuhitaji kuchungulia, nimeisikia sauti hiyo kila asubuhi tangu ujana wangu.

“Wewe ni wa nyumbani kwetu,” mke wangu alimwambia paka. “Kwa nini unalala kwa wengine kama huna kwenu? Nimekuletea ngozi. Usimwambie mzee.”

Akatoka. Nilibaki na sindano yangu. Hotuba yote niliyokuwa nimeipanga ilikuwa imejengwa juu ya nguzo moja, kwamba nyumba yangu ni safi.

Jioni nilimuuliza. Hakukana hata kidogo, na hakuona haya. Alisema yeye ndiye anayeyapalilia yale maharage mimi nikiwa na sindano na vitabu. Alisema aliona uzi mweusi na mwekundu hauguswi sana na panya na uzi wa kijani unatobolewa, na paka ni wetu. Je, akae atazame? Kuku alichinjwa na dada yake, ngozi aliomba. Nilimkumbusha kwamba alijua ninavyohangaika, kwamba nimempeleka mnyama huyo Mbarara ndani ya kikapu cha mama yake.

“Ungeniuliza,” alisema. “Uliuliza kijiji kizima nani ameweka sumu. Mimi sikuweka sumu.”

Nilikasirika, nikatoka nje kuuanua ushahidi wangu niliouanika juani.

Jumapili baada ya misa niliomba mkutano, mbele ya depo kama ule wa kwanza. Nilikuwa na jani la mgomba, na juu yake nilikuwa nimepanga vitu nilivyovikuta kwenye matapishi, nilivyovikausha juani ili wenye pua nyepesi wasipate sababu ya kuondoka: vichwa vya ndagala upande mmoja, mabonge ya maziwa upande wa pili, ngozi ya kuku katikati. Niliwaeleza maneno ya daktari. Niliwaeleza kwamba paka huyu haumwi ugonjwa wala hakulishwa sumu. Amelishwa na sisi, wengi kwa siku moja, kwa haraka na kwa siri. Nilianza na nyumba yangu. Nilisema ngozi ni ya uzi wa kijani, nikamtaja mke wangu mbele ya watu, naye aliinua kidevu.

Kisha nikaliweka jani chini.

“Changu nimeshakitaja,” nilisema. “Sasa kila mtu achukue chake.”

Mwanajeshi alijikuna shingo. Mwishowe alisema, “Hiyo maziwa ni yangu. Lakini mimi nilijua niko peke yangu. Nikijua iko jeshi nzima, naleta kidogo.”

Watu wakacheka, na kicheko hicho kilinikera kuliko kile cha Mbarara, kwa sababu niliona kinageuza kesi ya mauaji kuwa mchezo. Mwenyekiti alicheka kuliko wote. Akaelekeza kidole kwenye ngozi ya kuku, akamwambia mke wangu kwamba sasa ameelewa kwa nini paka anakuwa mgonjwa: mafuta ya kuku ni mazito.

Mke wangu hajawahi kusema kwenye mkutano wa kikundi. Siku hiyo alisema.

“Ngozi yangu imesagika, mama, tazama. Ndagala zako ndizo zilizorudi na macho. Mnyama amezikataa.”

Kicheko kilichofuata sikukikasirikia.

Mwenyekiti ni mtu wa haraka, lazima nikiri hilo. Kabla kicheko hakijaisha alikuwa amesimama kupendekeza, kwa sauti ya mtu aliyewaza jambo hilo wiki nzima, kwamba dawa ya panya isiwekwe, maana inaweza kumuua paka. Kwamba mtu yeyote asimlishe paka ndani ya depo. Na kwamba paka ale asubuhi nyumbani kwangu tu. Yaani alipendekeza yale yale niliyokuwa nikiyafanya tangu mwanzo na kusemwa kwa ajili yake. Mikono ikainuka, ile ile. Nilihesabiwa kati ya wanaokubali. Hakuna aliyesema kwamba walikuwa wamekosea, na hakuna aliyesema pole, si kwangu wala kwa paka, aliyekuwa amelala wakati wote juu ya paa la choo, mahali ambapo hana mteja.

Paka alipona. Tumbo lilishuka, akaanza tena kuleta panya mlangoni na kuwapanga. Alilala alipotaka, na kila alipolala watu walinung'unika, lakini walinung'unika mikono mitupu. Nilianza kufikiri kwamba nimeshinda, ingawa kwa ushindi wa aina ile ambao mshindi peke yake ndiye anaujua.

Kisha, msimu wa kupanda ukiwa umekaribia, niliingia depo asubuhi nikamkuta mwenyekiti amefika kabla yangu. Alikuwa amepiga magoti kando ya magunia yake ya uzi mwekundu, anamwaga majivu sakafuni kwa kiganja.

“Ni manyoya tu, Papa,” alisema kabla sijasalimia. “Paka ilijilambalamba. Manyoya na majani. Tusisumbue batu na mukutano.”

Nilichutama. Ni kweli yalikuwa manyoya: bonge refu lililosokotwa, na vipande vya nyasi, kitu ambacho paka mzima hukitoa mara moja moja, na daktari mwenyewe aliniambia nisihangaike nacho. Mwanamke aliyetaka kumuua paka kwa kutapika sasa alikuwa ananieleza mimi kwamba paka hutapika. Nilichukua kijiti nikaligeuza lile bonge. Chini yake, ndani ya majivu, kulikuwa na kichwa cha ndagala. Kimoja.

Nilikiinua kwenye ncha ya kijiti, nikakiweka mbele ya macho yake.

“Mama, hiki si nyoya.”

Alijipangusa majivu kiganjani. Nje watu walikuwa wameanza kupita na majembe.

“Ni moja tu, Papa,” alisema. “Hata mu Kwaresima Mungu anafungaka jicho moja.”

Nilikuwa na mengi ya kumwambia, na nilikuwa na haki ya kuyasema. Juu ya magunia yake paka alinyoosha miguu, akajigeuza, akaendelea kulala. Nilisikia buti za mwanajeshi zinakuja. Nilikitupa kile kichwa dirishani, nikachukua ufagio, nikafagia haraka kabla hajaingia, na mwenyekiti akanishikia kizoleo.